Waksi ya gari kwenye aloi ya pikipiki: miezi minane Mikindani

Pikipiki yangu inalala Mikindani, hatua chache tu kutoka majini, na kila alfajiri inabeba tenga la samaki kwenda Mtwara mjini, kama kilomita 10. Maji ya barafu yanachuruzika hadi kwenye hab, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Kusi likivuma, hata usipotoka unaamka umekuta siti ina chumvi.

Kutu ya aloi, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, haina wekundu. Ni unga mweupe, ukiufuta unakuta vishimo kama vya sindano. Alumini ina utando wake mwembamba unaoikinga, chumvi ndiyo inayoutoboa. Na bolti ya chuma ikikutana na alumini kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Kwangu ilianzia kwenye bolti za kava ya klachi.

Mwanzo fundi alinipulizia klia, ile vanishi ya kung'arisha isiyo na rangi. Iling'aa, jirani akauliza kama nimenunua mpya. Masika yalipoisha nikaona nyuzi nyeupe zinatambaa chini ya klia kama mizizi. Kijiwe kimoja kikishachubua, chumvi inapita chini na hufikii tena kuifuta. Kuibandua kwa msasa kulinila siku mbili. Oili chafu, dawa ya madereva wengi wa boda, nayo nilipaka: vumbi likaganda, na abiria mmoja mwenye suruali nyeupe sitaki hata kumkumbuka.

Ndipo nikanunua waksi ya kopo, ya kupaka magari, shilingi 15,000. Naosha kwa maji baridi na sabuni laini, naacha ikauke kabisa, napaka kwa fulana kuukuu, kwenye kona natumia mswaki. Ikishakuwa kama ukungu nafuta. Bolti nilizitoa moja moja nikazipaka grisi kidogo kabla ya kuzirudisha. Stilwaya usiguse: inaacha chembe za chuma, nazo zinaota kutu juu ya aloi yako. Kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ndiyo kabisa, inaila alumini ukiiangalia. Diski ya breki usiisogelee na waksi.

Sasa maji yakidondoka kwenye kava yanasimama matone kama kwenye jani la magimbi. Vishimo vya zamani vipo, waksi haifukii kitu, ila sijaona vipya. Kava narudia mara moja kwa mwezi. Hab, kwa sababu ya hayo maji ya samaki, kila wiki mbili, na nikizembea ule unga unarudi ukingoni. Kwenye mapezi ya silinda, yale mabati membamba ya kupoza injini, nilipoteza muda tu, moto unaiyeyusha siku hiyohiyo.

Nyota nne. Kopo bado halijafika nusu. Majuzi nimekata dumu la mafuta ya kula nikalifunga chini ya tenga, maji yanamwagikia pembeni sasa, na hab ina wiki ya tatu haijadai waksi.