Plagi ya pini tatu iliyonidanganya: uzoefu wangu na amplifaya ya valvu

Amplifaya yangu ya gitaa ni ya Marekani, ya miaka ya 1960, inayotumia valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti. Niliinunua mkononi kwa mtu aliyeniapia kwamba imeshawekwa ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliopotea ardhini. Nikachungulia nyuma, nikaona plagi ya pini tatu, nikaridhika. Nimeipiga karibu mwaka mzima kwa imani hiyo.

Siku moja mazoezini, vidole vikiwa juu ya nyuzi, nikasogeza mdomo kwenye maiki niimbe kiitikio. Nilichapwa na umeme mdomoni nikaruka nyuma. Wenzangu wakacheka, isipokuwa mpiga besi wetu, ambaye aliwahi kusomea umeme. Alichukua mita, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa maiki: volti 109. Akaenda kuchomoa plagi bila hata kuniuliza.

Habari ya Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, nilikuwa naijua siku nyingi. Alifariki jukwaani huko Swansea mwaka 1972 baada ya kugusa maiki huku ameshika gitaa. Nilikuwa naisimulia kama hadithi ya watu wengine.

Nikampelekea fundi wa amplifaya. Kitu cha kwanza alichofungua hakikuwa amplifaya, bali plagi. "Kaka, hii pini ya tatu ni pambo tu," akanionyesha. Waya ulikuwa ule ule wa kiwandani wenye nyaya mbili. Aliyeitengeneza kabla alibadilisha kichwa tu. Pini ya ethi haikuwa imefungwa na chochote. Bora hata angeiacha plagi ya zamani, maana ile ya pini mbili ingalau haisemi uongo.

Ndani kulikuwa na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ndogo ya mikrofaradi 0.047, imelehemiwa kati ya waya mmoja wa umeme na chesisi, yaani fremu ya chuma ya amplifaya. Amplifaya nyingi za Marekani za enzi hizo zilitoka nayo hivyo, kwa ajili ya kupunguza mngurumo, na swichi ya nyuma ilikuchagulia tu iunganishwe upande upi. Ikiwa nzima, hupitisha miliampea kama mbili hivi, unahisi msisimko. Siku ikipiga shoti, chesisi yote inakuwa laivu, yaani ina umeme, na nyuzi za gitaa zimeungana na chesisi kupitia kebo. Yaani umeshika umeme wa ukutani kwa mkono mtupu. Mafundi wa kazi hii wanaiita kapasita ya kifo, na sioni kama wanatia chumvi. Yangu ilikuwa haijafa bado, ila fundi alisema imeanza kuvujisha umeme.

Aliikata, hakuweka nyingine. Akaingiza waya mpya wa nyaya tatu, ukabanwa kwenye tundu la chesisi ili mtu akijikwaa usichomoke. Ethi ilipata bolti yake yenyewe, rangi ikakwanguliwa mpaka chuma kikang'aa. Hakuibana chini ya bolti ya transfoma, maana hiyo hulegea kwa mtikisiko. Na aliiacha ndefu kuliko nyaya nyingine mbili ili, ukivutwa waya kwa nguvu, ethi iwe ya mwisho kukatika. Waya wa laivu sasa unapita kwanza kwenye fyuzi, halafu swichi. Fyuzi yenyewe ilikuwa ya ampea 5 mahali palipoandikwa 2. Sina cha kusema hapo.

Kabla ya hayo yote alinionyesha jambo lililonifanya nifute kabisa wazo la kujitengenezea nyumbani. Amplifaya imechomolewa, imekaa, na bado kapasita kubwa za kuchuja umeme zilisoma volti 380. Alizimwaga taratibu kupitia rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) yenye klipu, mkono mmoja nyuma ya mgongo, akaitazama mita ikishuka mpaka sifuri. Kapasita hizo alizibadilisha zote, kwa kuwa za aina hiyo hukauka kwa umri. Mngurumo niliokuwa nadhani ndiyo "sauti ya zamani" ukaondoka nazo.

Nilidhani kazi imeisha, kumbe. Natumia transfoma ya kushusha volti 230 kuwa 120, na fundi akaniambia niilete. Soketi yake ilikuwa na tundu la tatu, lakini ndani tupu, ethi inaishia hapo hapo. Isitoshe ni ile ya koili moja, haikutengi na umeme wa ukutani hata kidogo. Nilinunua nyingine yenye ethi inayopita moja kwa moja. Ndipo akapima kutoka pini ya ukutani hadi kwenye nyuzi za gitaa: chini ya omu moja, yaani ethi imeungana vizuri. Kati ya nyuzi na maiki, volti sifuri.

Sauti? Ile ile. Valvu hakuzigusa, wala transfoma ya spika, wala kapasita za njia ya sauti. Wanaosema waya wa nyaya tatu unaua toni sijui wanasikiliza kwa sikio gani.

Malalamiko ninayo. Alisema wiki moja, zikawa tatu na nusu, na simu zangu mbili hakupokea. Waya mpya ni mgumu na mfupi kuliko nilivyotaka. Lakini vipuri vya zamani vyote alinirudishia kwenye kimfuko, pamoja na karatasi yenye vipimo, jambo ambalo fundi wa kwanza wa hii amplifaya asingethubutu. Nampa nyota nne.

Ile swichi ya nyuma ameiacha mahali pake, imekatwa nyaya, kwa sababu ikitolewa linabaki tundu. Nimeizibia utepe mweusi, na bado kila nikiwasha mkono wangu unaenda kuitafuta.