Kompyuta yangu ya gemu ya 2017 na Ryzen 5 5600: uzoefu wangu

Kompyuta hii niliiunga mwaka 2017 nikiwa chuo, hapa Dar, kwa hela niliyoidunduliza muhula mzima. Ndani ilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 1600, ubao mama wa B350 (ule unaounganisha vipande vyote), kadi ya picha ya GTX 1060 ya GB 6, na kijiti kimoja cha RAM cha GB 8, kwa sababu cha pili hela haikutosha. Imenitumikia vizuri mno. Lakini gemu ya risasi ya Counter-Strike 2 (CS2) ilipochukua nafasi ya CS:GO iliyoitangulia, Septemba 2023, mambo yakaanza kuharibika. Ukitembea peke yako kwenye ramani inateleza tu. Watu wanne wakiingia kona moja na moshi ukatupwa, picha inaganda kidogo, na ikirudi umeshalala chini.

Mwaka 2025 nikaamua kuihudumia. Bajeti ilikuwa milioni moja na laki mbili, na sharti langu moja tu: ubao mama sibadilishi. Ukishagusa ubao mama, unajikuta unanunua prosesa na RAM za aina nyingine, yaani umenunua kompyuta mpya.

Nilianza na kadi ya picha, kama tunavyofanya karibu wote, na hapo ndipo nilipokosea. Kariakoo nilizunguka siku mbili. Duka la kwanza nilioneshwa RX 580 kwa bei ya kuvutia. Nikamwomba muuzaji aichomeke nione kwenye programu ya GPU-Z kabla sijatoa hela. Ikasoma vichakataji vidogo 2048, wakati RX 580 kamili ina 2304. Ni toleo lililopunguzwa, na kwenye kibandiko hakukuwa na neno lolote la kukuambia hivyo. Nikashukuru nikaondoka. Kama utachukua kimoja tu kwenye maelezo yangu haya, chukua hiki: kadi ya mtumba isipochomekwa na kusomwa mbele ya macho yako, usiinunue.

Nilichukua RX 6600 ya mtumba, laki tano na ishirini. Ina GB 8 za kumbukumbu, inakula wati 132 tu, na inataka waya mmoja wa umeme wenye pini nane, kwa hiyo pawa saplai yangu ya wati 500 iliibeba bila kelele. Nikafika nayo nyumbani, nikaipachika, nikafungua CS2. Nilikuwa napata fremu, yaani picha, 85 hivi kwa sekunde, sasa nikapata 95. Kule kuganda kuko palepale.

Usiku ule sikulala vizuri. Laki tano si hela ya kuokota.

Kesho yake nikawasha vile vipimo vinavyoonekana pembeni ya kioo wakati unacheza. Kadi ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 45, na jotoridi yake ni kama imepumzika. Prosesa, kwa upande mwingine, ilikuwa na kiini kimoja kimegota asilimia 100, na RAM imejaa mpaka juu. Kadi yangu mpya ilikuwa imekaa inasubiri kupewa kazi. Kumbe hata ile GTX 1060 ya zamani haikuwa na hatia yoyote kwenye gemu hii. Vipimo hivyo ni vya bure na vinachukua dakika tano. Ningevitazama kabla ya kwenda Kariakoo, mpangilio wa manunuzi ungekuwa mwingine kabisa.

RAM ilifuata, vijiti viwili vya GB 8 vya DDR4 3200, laki moja na arobaini. Hiyo ni Agosti, kabla bei za RAM hazijapanda mwishoni mwa mwaka. Viwili, na si kimoja cha GB 16, kwa sababu vikikaa viwili prosesa inasoma kupitia njia mbili kwa pamoja. Viweke kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Peke yake RAM iliondoa sehemu kubwa ya kuganda, jambo ambalo sikulitarajia. Fremu za juu hazikupanda sana, ila zile za chini, ambazo ndizo zinazokuua, zilipanda.

Kisha Ryzen 5 5600, laki tatu na thelathini, bila boksi wala feni ya kuipoozea. Hii ndiyo ninayotaka kuizungumzia kwa kirefu.

Ubao wangu ulitengenezwa miaka mitatu kabla familia ya Ryzen 5000 haijazaliwa. Soketi, yaani tundu la prosesa, ni ileile ya AM4, lakini prosesa haitawaka mpaka BIOS, ile programu ya ubao inayowasha kompyuta, iwe mpya, na ubao kama wangu uliruhusiwa rasmi mwaka 2022 tu. Faili la BIOS unalichukua kwenye tovuti ya waliotengeneza ubao wako, unaliweka kwenye fleshi iliyofomatiwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32, na unafanya kazi hiyo prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani. Ukiitoa kwanza, huna cha kuwashia. Umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kufa moja kwa moja. Mtaani kwetu jioni umeme unapepesa, kwa hiyo niliazima kwa binamu yangu UPS ya steshenari yake (betri inayoshika umeme ukikatika), nikafanya saa kumi na moja alfajiri. Ilichukua dakika nne hivi. Mkono nilikuwa nimeuweka mbali na kitufe cha kuzimia kama vile ni moto.

Sasa kutoa prosesa. Prosesa za AM4 zina pini 1331 chini yake, nyembamba kama nywele za mswaki, na kinachoishikilia kwenye soketi ni kile kimkono kidogo cha pembeni, hakuna mfuniko wa chuma wa kuibana juu. Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na feni, ikikaa miaka minane inakuwa gundi. Nililegeza skrubu nne za feni, nikavuta juu. Nikasikia kama kitu kimekwanyuka. Feni ilitoka na prosesa ikining'inia chini yake, wakati kimkono bado kimefungwa.

Nilikaa chini. Nikaigeuza kwenye mwanga wa simu, nikaona safu moja ya pembeni pini sita zimelala upande mmoja, mithili ya majani ya mpunga baada ya upepo. Nikampigia fundi mmoja ninayemwamini. Akaniambia, "Kaka, usiziguse kwa koleo. Chukua wembe mpya, upitishe kati ya safu na safu, uzisukume kidogokidogo mpaka zisimame." Nikafanya hivyo kwa karibu saa nzima, nimeshika pumzi. Hakuna iliyokatika. Ile 1600 leo iko kwenye kompyuta ya mdogo wangu na inafanya kazi.

Baadaye fundi akanieleza nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Cheza gemu dakika ishirini, pesti ipate joto na kulainika, zima, chomoa waya wa umeme, kisha izungushe feni kushoto na kulia taratibu mpaka uisikie imeachia, ndipo uinue. Usiivute juu moja kwa moja hata kidogo.

5600 iliingia yenyewe, bila kusukumwa. Nikaweka pesti mpya, nikarudisha feni ileile ya zamani baada ya kuisafisha vumbi kwa brashi ya rangi. Ndani ya BIOS nikawasha mambo mawili. La kwanza ni profaili ya RAM ifike 3200, maana ukiiacha inakimbia taratibu kuliko ulichokilipia, na wengi wanaishi hivyo miaka bila kujua. La pili ni fTPM, kipengele cha usalama, kwa ajili ya Windows 11. Prosesa yangu ya zamani haikuwamo kwenye orodha ya zinazokubaliwa, na Windows 10 imeachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. 5600 imo.

Nikafungua CS2. Ramani ileile, mipangilio ileile: fremu 210, na kwenye moshi hazikushuka chini ya 120. Kadi ya picha sasa inafanya kazi kwa asilimia 90 na zaidi. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, akasema tu, "Kaka, rudia hiyo."

Ajabu ni kwamba kwa maandishi prosesa hizi mbili zinafanana: viini 6, nyuzi 12 (kazi inazobeba kwa wakati mmoja), wati 65. Tofauti ni kwamba 5600 inafika GHz 4.4 badala ya 3.6, na kashe yake, yaani kumbukumbu ya ndani ya prosesa yenyewe, ni MB 32 badala ya 16. Ukisoma idadi ya viini peke yake, hutaliona hilo.

Kasoro zipo. RX 6600 si kadi ya miale ya mwanga (ray tracing, mwanga na vivuli kama vya kweli), ukiwasha kipengele hicho fremu zinaporomoka, kwa hiyo mimi nakizima. Kwenye monita ya 1080p inatosha kabisa, zaidi ya hapo sikushauri. Na kwa joto la Dar, mchana bila feni ya chumba, prosesa inafika nyuzi joto 80 na ile feni ya zamani inapiga kelele kama jenereta ya jirani.

Jumla, pamoja na diski ya SSD ya GB 500 ya laki moja na ishirini na pesti ya elfu kumi, nilitumia 1,120,000. GTX 1060 nikaiuza laki moja na themanini. Kilichobaki ni pawa saplai, ambayo ina miaka minane kama ubao wenyewe. Hiyo sitanunua mtumba, na nimeshaanza kuiwekea akiba.