Misimu Miwili na Kamera ya Chini ya Barafu: Je, Nimevua Zaidi?

Ninaishi Brooklyn Park, katika jimbo la Minnesota, na uvuvi wa kwenye barafu niliuanza baada ya kuchoka kukaa ndani kuanzia Desemba hadi Machi. Nilikulia Mwanza, ambako dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mvuvi mzoefu huyasoma maji kwa rangi yake na kwa ndege wanaozunguka juu yake. Juu ya barafu yenye unene wa futi moja na nusu hakuna rangi wala ndege wa kusoma. Kuna tundu la inchi nane, mshipi unaoingia gizani, na mtu aliyeinama. Kwa hiyo nilipotoa dola 300 na ushei kununua kamera ya chini ya maji, nilichokuwa ninanunua hasa ni macho. Wenzangu huniuliza kama macho hayo yameongeza samaki kwenye ndoo. Baada ya misimu miwili ninaweza kusema kwamba kwa samaki aitwaye bluegill yameongeza, kwa walleye, samaki mwingine wa maziwa ya huku, sijaona tofauti yoyote, na zipo siku ambazo nina hakika yalinipunguzia.

Chombo chenyewe ni kamera ndogo yenye umbo la samaki, isiyozidi kiganja, inayoning'inia kwenye waya wa futi 50. Juu inabaki skrini ya inchi saba pamoja na betri ya volti 12. Ninatoboa matundu mawili kwa keekee ya barafu, yaliyoachana futi tatu au nne, ninachota vipande kwa upawa wenye matundu, kisha kamera inashuka upande huu na chambo upande ule, na ninauzungusha waya hadi chambo kitokee kwenye picha. Maelezo ya kwenye boksi yanalifanya jambo hili lionekane jepesi. Kwa kweli waya hujisokota wenyewe, kamera inageuka polepole kama mtu anayekupa kisogo, na chambo kinatoka kwenye picha wakati uleule samaki anapokikaribia. Majuma matatu ya kwanza niliyamaliza nikipambana na waya, mpaka nilipoubana kwa kibanio cha nguo kwenye kijiti kilicholazwa juu ya tundu, na tangu hapo haujanisumbua sana.

Mahali ambapo kamera ilinilipa gharama yake ni Medicine Lake, ziwa lililo katika mji wa Plymouth, si mbali na nyumbani. Kwenye kina cha futi nane hadi kumi magugu maji hubaki ya kijani hata katikati ya Januari, na bluegill hujificha humo. Huyu ni samaki mpana, anayetosha kiganjani, na wakati wa baridi hali kwa pupa, kwa sababu maji ya hapo yako kati ya nyuzi 0 na 4 za Selsiasi na mwili wake umepunguza kasi ya kila kitu. Nilimwona mmoja akisimama inchi mbili mbele ya funza wangu, mapezi ya kifuani yakipepea taratibu, akimkagua kama mama anayechagua nyanya sokoni. Kisha alifungua mdomo, funza akaingia kana kwamba amevutwa na maji, na kabla sijavuta pumzi alikuwa ameshamtema. Mshipi haukutikisika na ncha ya ufito haikuinama hata kidogo. Nilikaa nikiwaza ni mara ngapi, katika miaka ya nyuma, nilirudi nyumbani nikisema kwamba samaki hawakula.

Jumamosi moja nilivua kwa saa nzima nikitegemea mkono tu, nikapata bluegill wanne. Saa iliyofuata, kwenye tundu lilelile na kwa chambo kilekile, shemeji yangu alikaa mbele ya skrini nami nikashika ufito, na kila samaki alipofungua mdomo alinipigia kelele: "Vuta, shemeji! Ah, ametema, umelala?" Tukapata kumi na mmoja. Sitaki kudai kwamba kamera peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, kwa maana jua lilikuwa linashuka na samaki huchangamka saa hizo. Lakini kati ya hao kumi na mmoja, wasiopungua sita walikuwa wa aina ambayo mkono wangu haukuhisi kitu kabisa.

Jambo la pili nililolijifunza hapo ni kwamba nilikuwa ninatikisa chambo kupita kiasi. Kila nilipokirusha juu, samaki walirudi nyuma hatua moja. Nilipokituliza na kukiacha kitetemeke kidogo tu, walisogea. Somo hilo sasa liko mkononi mwangu, na ndiyo maana katika msimu wa pili pengo kati ya siku za kamera na siku zisizo na kamera lilipungua sana.

Mille Lacs ni habari nyingine. Ziwa hilo, lililo mwendo wa karibu saa mbili kaskazini mwa Minneapolis, lina maji angavu, na kamera inaona vizuri mchana. Huko nilitambua udhaifu mmoja wa sonari yangu, kifaa kinachotambua samaki kwa mawimbi ya sauti: samaki anayelala kabisa juu ya tope huungana na mstari wa sakafu ya ziwa, nawe unadhani hakuna mtu. Niliposhusha kamera katika kina cha futi 25, palikuwa na kundi la perch waliokuwa wakidonoa wadudu kwenye tope, na vumbi dogo likitimka kila walipodonoa. Nikaishusha ndoana hadi ikagusa chini, nikatimua vumbi kama wao, wakaja. (Huyu perch asichanganywe na sangara wa Ziwa Victoria, ingawa majina yao ya Kiingereza yanafanana; perch ni mdogo, na ukimpata wa inchi kumi na mbili unapiga picha.)

Walleye, ambaye ndiye watu wengi wanamfuata huko, hupenda kula machweo na alfajiri, na hapo ndipo kamera inapoishiwa nguvu. Taa zake za infraredi huwaka, picha inakuwa nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa maji hunyonya mwanga huo upesi, unaona futi chache tu, huku kila chembe inayoelea iking'aa kama theluji inayoanguka. Nimeona macho ya walleye yakiwaka kama ya paka kwenye ukingo wa picha, yakasimama kidogo, yakapotea. Inasisimua, lakini haijazi ndoo. Upper Red Lake ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yake yana rangi ya chai ya rangi kutokana na mabwawa ya mboji yanayolizunguka. Huko niliona urefu wa mkono wangu na si zaidi, nikaikunja nikairudisha kwenye gari.

Kuna hasara ambayo sikuitarajia, nayo ni kupoteza umakini. Sheria ya Minnesota inaruhusu mishipi miwili wakati wa barafu, lakini kamera inakula tundu moja na macho yote mawili, hivyo mshipi wa pili unabaki yatima. Jioni moja nilimtazama walleye mmoja kwa dakika ishirini. Alikuja, akanusa, akaondoka, akarudi, nami nikawa kama mtu aliyetekwa na tamthilia, ilhali majirani waliokuwa na sonari tu walikuwa wameshahama mara mbili na kupata samaki wao. Samaki anayeonekana ni mgumu kumwacha kuliko asiyeonekana.

Matatizo ya kifaa ni machache ila yanaudhi. Betri iliyokuja nayo ilikuwa ya risasi na asidi, na kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ilikata baada ya saa mbili. Muuzaji alinijibu kwamba hiyo ni kawaida, na hilo ni kweli, lakini hakulisema kabla sijalipa. Nimeibadilisha kwa ya lithiamu na sasa ninapata siku nzima. Samaki mkubwa akishika ndoana, kamera lazima ipandishwe haraka, la sivyo atazunguka na kuufunga mshipi kwenye waya. Samaki wangu mkubwa kuliko wote wa aina ya crappie alikata mshipi na kunitoroka kwa namna hiyo, nikiwa peke yangu hemani na mikono miwili tu.

Kwa anayeanza, ningemshauri anunue sonari kwanza, kwa sababu sonari inashuka na chambo katika tundu moja, inaonyesha samaki aliye juu ya chambo na aliye chini yake, na haijali maji kuwa ya rangi ya chai. Kamera inafuata baadaye, hasa kwa mtu anayevua bluegill na perch mchana kwenye maji angavu, au aliye na watoto. Wanangu, ambao zamani walianza kuuliza "tunaondoka lini" baada ya nusu saa, sasa hugombania kukaa mbele ya skrini.

Msimu huu kamera inabaki kwenye mkoba wake mpaka sonari inionyeshe kitu kilichotulia chini ya chambo kwa dakika tano bila kuuma. Hapo ninaishusha, ninamwangalia ni nani na anakataa nini, na mara nyingi ndani ya dakika kumi nimeshaipandisha tena.