TAHADHARI: Muuza spea za Mercedes za zamani, upande wa Mwembe Tayari

Ndugu zangu wa Mombasa, naandika mkono ukinitetemeka kwa hasira. Nimeibiwa mchana kweupe, macho yangu yakiona, na kikombe cha kahawa ya mwizi mwenyewe ki mkononi mwangu.

Gari mnalijua, ile 240D ya 1981 ya marehemu mzee. Tangu mfungo ilikuwa haizimiki. Nachomoa ufunguo, injini inanguruma vilevile mpaka nifungue boneti nibonyeze kile kijiti cha STOP. Mara ya mwisho ilinikuta kwenye foleni ya feri Likoni, watu wote wananikodolea macho. Dizeli hizi huzimwa na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, inayovutwa na pampu iliyo mbele ya injini, na vakyumu hiyohiyo ndiyo inayosaidia breki na kufunga loki za milango. Haya nilikuwa nayajua, ndiyo maana yanazidi kuniuma.

Nilikwenda dukani kwake Jumanne baada ya Alasiri. Nisikilizeni kabla hamjanilaumu. Alinipokea kwa kumtaja baba, si kwa jina la kitambulisho, kwa lile jina la barazani Kibokoni. Akasema alikuwepo mazikoni. Akaniwekea kigoda, kahawa chungu, kashata. Mtu aliyemtia babako mchanga utamdhania mwizi?

Akatoka mwenyewe mpaka garini. "Washa." Nikawasha. Akachomoa kipaipu chembamba cha rangi ya kahawia kinachoingia kwenye pampu ya dizeli, akanishika kidole, akakibandika pale kwenye tundu. "Yavuta?" Haikuvuta hata kidogo. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Sheikh, pampu ya vakyumu imekufa. Leo gari halizimiki, kesho breki hazishiki, na wewe wabeba watoto." Hapo ndipo aliponimaliza. Niliwaona wanangu kwenye mteremko wa daraja la Nyali, na sikuuliza tena chochote.

Na ule ulikuwa uongo mtupu! Kipaipu kile hakivuti injini ikiwa inafanya kazi. Hupata vakyumu pale tu unapozungusha ufunguo kuzima. Hata gari lingekuwa limetoka kiwandani siku ileile, kidole changu kisingehisi kitu. Alijua, na alikishika kidole changu makusudi, ili ushahidi utoke mwilini mwangu mwenyewe.

Akaleta boksi. Pampu inang'aa. "Mpya hii, kwa mwana wa fulani ni 23,000." Nikatuma M-Pesa palepale. Kijana wake akaifunga, na yangu wakaibakisha: "Hiyo mbovu tuachie, utaipeleka wapi?"

Gari halikuzimika. Akaniambia hewa bado haijatulia, nisubiri siku chache. Siku ya tisa mbele ya injini kukaanza kugonga kama nyundo. Nikalipeleka kwa yule fundi mzee wa Makupa (shemeji alinielekeza kwake tangu mwanzo, sikumsikiliza, nimeshamwomba radhi). Alisikiliza kidogo tu akaniamuru nizime haraka. Alipoifungua ile "mpya", chini ya rangi ya fedha kulikuwa na grisi ya miaka, na beringi imelegea, karibu kumwagika ndani. Vipande vile vikiangukia kwenye cheni ya taimingi, injini yote imekwisha.

Ubovu wenyewe ulikuwa mlango wa nyuma wa kulia. Kiwambo cha mpira cha loki kilipasuka, vakyumu ikawa inavujia huko. Fundi aliiziba laini ya loki kwa skrubu, nikazungusha ufunguo, injini ikazima papo hapo. Kazi ya dakika kumi. Na loki zangu zilikuwa hazifungi tangu mwaka jana!

Basi angalieni. Breki zangu muda wote zilikuwa laini. Pampu ikifa kweli, pedali huwa ngumu kama jiwe. Boksi halikuwa na namba ya spea. Pesa zilikwenda kwenye simu yake, si kwenye till ya duka, na risiti sikupewa. Na akitaka kubaki na spea yako kuukuu, ondoka nayo.

Nimemrudia mara mbili. Mara ya pili amenifukuza mbele ya wateja. Mtu huyu afungiwe duka! Kaunti imnyang'anye leseni, na polisi wamkamate, kwa sababu huku si kuuza spea, huku ni kuwaweka watu barabarani na mauti chini ya boneti. Jumatatu naenda kuandikisha ripoti kituoni, na nawataka wengine waliotapeliwa twende pamoja. Najua siko peke yangu, rangi ile ya fedha haikununuliwa kwa ajili ya pampu moja.

Pampu yangu ilikuwa nzima, na sasa anaitafutia mnunuzi mwengine. Ina alama mbili za patasi ubavuni, baba alizipiga mwenyewe alipoifungua zamani. Ukiiona popote, hata imepakwa rangi, alama utazihisi kwa kidole. Niite, nitailipia.