Mahakama ya Madai Madogo Milimani: inamfaa nani aliyeng'atwa na mbwa?

Ukiwa umeng'atwa na mbwa wa mtu hapa Nairobi, na jeraha si la kukulemaza, Mahakama ya Madai Madogo ndiyo njia bora ya kutafuta fidia. Ilianza kazi Milimani Aprili 2021, chini ya sheria ya 2016. Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinataja waziwazi fidia ya majeraha ya mwili. Kikomo chake ni shilingi milioni 1, na hukumu inatakiwa itolewe ndani ya siku 60 tangu dai lisajiliwe. Katika mahakama ya hakimu kesi kama hiyo huweza kuvuta miaka. Kwa kasi tunaipa alama za juu, kwa usajili wa mtandaoni za wastani, na kwa kumfanya mdaiwa atoe pesa, za chini.

Kasi hiyo hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Watu husajili dai wiki ya kwanza, hasira zikiwa bado moto. Siku 60 zinaanza kuhesabiwa papo hapo, ilhali chanjo ya kichaa cha mbwa bado inaendelea. Ratiba ya sindano tano ni siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na kila sindano ina gharama yake. Kovu nalo halijatulia, kwa hiyo daktari hawezi kuandika kama litabaki au kama kidole kitarudi kukunjika sawasawa. Hukumu ikishatoka, huwezi kurudi na dai la pili kwa meno yale yale. Sheria ya ukomo inakupa miaka 3 kwa dai la aina hii, basi hakuna haja ya kukimbia. Subiri sindano ya tano na ripoti ya mwisho ya daktari, ndipo usajili. Tahadhari moja: mbwa akiwa wa polisi au wa idara nyingine ya serikali, muda wako ni mwaka 1 tu, na ni salama zaidi kutanguliza notisi ya maandishi ya siku 30.

Mahakama hii haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na wengine huchukulia kwamba maneno yatatosha. Hayatoshi. Kazi huanza siku ile ile. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Hakikisha maandishi ya matibabu yanasema umeng'atwa na mbwa, mahali gani mwilini, vidonda vingapi na kina chake. Karatasi iliyoandikwa "jeraha la mguu" tu humpa wakili wa mwenye mbwa nafasi ya kuuliza kama hukuanguka kwenye mtaro. Toka hapo uende kituo cha polisi uchukue nambari ya OB (daftari la matukio la polisi) na fomu ya P3 ya ripoti ya daktari kwa polisi, ambayo haiuzwi. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake, kwa hiyo polisi wana kazi ya kufanya hapa, na si hisani.

Mbwa mwenyewe asiuawe na majirani, hata kama wamekasirika. Afisa wa mifugo wa kaunti aarifiwe, mbwa azuiliwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima hadi siku hizo zipite, hakuwa na kichaa cha kuambukiza siku aliyokung'ata. Lakini chanjo usiicheleweshe ukingoja jibu hilo. Daktari ndiye atakayesema kama unaweza kuikatiza.

Pesa nazo zimegawanyika sehemu mbili, na hapa ndipo madai mengi hupunguzwa. Gharama ulizotumia lazima ziorodheshwe moja moja kwenye hati ya madai na kila moja iwe na uthibitisho. Ukiandika "matibabu na usafiri, shilingi 40,000" bila risiti, mwamuzi hana namna ya kukupa. Nauli ya boda boda ilipe kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Anayeuza mboga au kufua nguo za watu na hana hati ya mshahara, achapishe taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyotangulia na ya wiki alizokaa nyumbani, zilinganishwe. Sehemu ya pili ni fidia ya maumivu na kovu, ambayo haina risiti. Mwamuzi huipima kwa hukumu za awali za majeraha yanayofanana. Tovuti ya Kenya Law inazo bure. Tafuta mbili au tatu za miaka ya karibuni, jeraha likiwa linakaribiana na lako, uziambatanishe. Hatua hii watu wasio na wakili huiruka, kisha hushangaa wakipewa kiasi kidogo.

Kung'atwa peke yake hakumfanyi mwenye mbwa awe na hatia. Ni lazima uonyeshe ama alijua mbwa wake ni mkali, ama alizembea: lango liliachwa wazi, mnyororo ulikatika na haukubadilishwa, mbwa alitembezwa njiani bila kamba. Kibao cha "Mbwa Mkali" kwenye lango hutumiwa na wenye mbwa kama kinga. Tunakiona kama ushahidi dhidi yao zaidi, maana kinathibitisha kwamba walijua. Kipige picha kabla hakijaondolewa. Jirani aliyeng'atwa mwaka jana ni shahidi wa thamani kuliko watano walioona damu tu. Ujumbe wa WhatsApp wa kuomba msamaha au kuahidi kulipia sindano, uhifadhi na uchapishe ukionyesha nambari na tarehe. Kwa upande wa pili, ukiwa uliruka ua au ulimchokoza mbwa, sehemu ya lawama itakuangukia na fidia itakatwa kwa kiasi hicho.

Kosa jingine linaloangusha madai ni kumshtaki asiyehusika. Mlinzi aliyeshika kamba huenda hana chochote. Mbwa wa ulinzi ni wa kampuni, na kampuni lazima iandikwe kwa jina lake la usajili, wala si lile lililochorwa kwenye gari. Pata hati ya CR12, inayoonyesha jina la usajili na wakurugenzi wa kampuni, kupitia eCitizen kabla ya kuandika lolote. Kwenye ploti ya kupanga, uliza ni nani hasa anayemlisha na kumfunga mbwa. Mwenye nyumba anayeishi mbali si lazima awe ndiye mfugaji. Kisha tuma barua ya madai, umpe siku 14 ajibu. Bima ya nyumba ya mdaiwa, kama ipo, mara nyingi hujitokeza hapo.

Usajili hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, na ada, ambayo ni ndogo, hulipwa kwa simu. Mfumo wenyewe unahitaji uvumilivu. Hati zilizopigwa picha kwa simu zikiwa na giza hazisomeki, kwa hivyo ni afadhali kwenda saiba zikaskaniwe vizuri, kila hati faili lake na jina lake. Wito ukitoka, mpe mpelekaji hati aliyeidhinishwa, naye alete kiapo cha kuonyesha kwamba ameufikisha. Kiapo kikikosekana, siku ya kutajwa kwa kesi hupotea bure. Vikao vingi ni vya mtandaoni, na kiungo huwa kwenye orodha ya kesi ya siku hiyo. Unaweza kujisemea kwa Kiswahili, bila wakili. Mwamuzi anaweza kupendekeza kesi iamuliwe kwa maandishi tu, pande zote zikikubali. Kubali ikiwa ubishi ni wa pesa peke yake. Ikiwa mdaiwa anakana kwamba mbwa ni wake, kataa, mashahidi wako wasikike. Rufaa huenda Mahakama Kuu, na ni kwa hoja za sheria tu.

Baada ya hukumu ndipo udhaifu unapoonekana. Mahakama haikukusanyii pesa. Asipolipa, ni juu yako kuomba amri ya utekelezaji na kumtafuta dalali, ambaye naye ana ada zake. Ukijua mapema mdaiwa anafanya kazi wapi, ana akaunti benki gani, au gari lake lina nambari gani, umepunguza nusu ya mzigo. Pendekezo la kulipa kwa awamu lisidharauliwe, mradi liandikwe na kuingizwa kortini kama amri.

Wapo ambao mahakama hii si yao. Mfanyakazi wa nyumbani au mlinzi aliyeng'atwa akiwa kazini apeleke dai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ndani ya miezi 12, chini ya sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007. Migogoro ya ajira haiingii Madai Madogo. Mtoto aliyeraruliwa uso, anayehitaji upasuaji zaidi ya mmoja, asibanwe kwenye milioni 1. Mzazi afungue kesi kwa niaba yake mbele ya hakimu, akiwa na wakili. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aanzie Kituo cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, akiwa na OB, P3 na risiti zote mkononi.