Rimu za inchi 18 kwenye Altezza, barabara za Tabora: uzoefu wangu

Niseme wazi kwanza: kilichonisukuma kununua rimu za inchi 18 ni macho. Altezza, gari dogo la Toyota, ina fenda zilizojaa, na rimu za 16 zilizokuja nayo zinalifanya gari lionekane kama mtu mzima aliyevaa kaptula ya shule. Ukiniuliza kama limeongeza mbio, jibu ni hapana, na nitaeleza kwa nini mbio zimepungua kidogo. Ila nimekaa nazo kiangazi na masika, lami na vumbi, kwa hiyo nina la kusema.

Gari ni AS200, injini ya 1G-FE, silinda sita, lita mbili, gia sita za mkono, nguvu za farasi 160. Siyo ile RS200 ya farasi 210 ambayo vijana wa Isevya wakiona Altezza yoyote wanadhani ndiyo hiyo. Altezza ilitoka mwaka 1998, ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka kule Japani msimu wa 1998–1999, na Ulaya ikauzwa kwa jina la Lexus IS200. Ni gari la kusukuma kwa nyuma, limetengenezwa kwa ajili ya kona. Tabora kona hakuna, nchi imetandazwa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kabla sijatoa hata shilingi nilikaa na karatasi. Tairi la zamani lilikuwa 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 16), ambalo kipenyo chake ni milimita 632 hivi. Nililochagua ni 225/40R18, milimita 637. Tofauti haifiki hata asilimia moja, maana yake saa ya mwendo ikisema 100 gari halijakuibia kitu. Jamaa mmoja alinishauri nichukue 225/45R18 ili mbavu za tairi zibaki nene. Wazo zuri kwa masikio, lakini kipenyo kinafika 660, zaidi ya asilimia nne. Hapo saa inaanza kudanganya, gia zinakuwa ndefu, na tairi linatafuta fenda. Ukiongeza inchi za rimu lazima upunguze ukuta wa tairi, hakuna njia ya mkato.

Halafu kuna vipimo vya rimu yenyewe, na hapa ndipo wauzaji wengi wanakuwa wepesi wa kusema "inaingia tu, bosi". Altezza ina tundu tano za kufungia, PCD (kipenyo cha duara la tundu hizo) milimita 114.3. Tundu la katikati ni milimita 60.1. Rimu za kiwandani za 16 ni pana inchi 6.5 na ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu) ya milimita 50. Nilizonunua ni pana inchi 8, ofseti 45. Ukipiga hesabu, ukingo wa nje unasogea kuelekea fenda kwa milimita 24, na wa ndani unasogea kuelekea shokapu kwa milimita 14. Nyuma zinakaa sawasawa na fenda bila kutoka nje. Sijashusha gari, springi ni za kiwandani, na hata nikipakia watu watatu nyuma na madumu ya asali kwenye buti hakuna kinachogusa. Ukishusha springi usinitaje.

Nilinunua Dar es Salaam, maeneo ya Gerezani, Kariakoo, rimu za mtumba kutoka Japani. Duka silitaji. Mazungumzo yote yalikuwa kwa simu, kwa hiyo nilidai picha za upande wa nyuma wa kila rimu, siyo za mbele. Mbele kila rimu ni nzuri. Nyuma ndiko unakoona kama ilishawahi kuchomelewa, kama ukingo una wimbi, na kama ina alama za JWL na VIA. JWL ni kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi za magari ya abiria. VIA ni muhuri unaoonyesha kwamba zilipimwa na kuthibitishwa na chombo huru. Alama hizo zinaweza kughushiwa, najua, lakini rimu isiyokuwa nazo kabisa mimi siiweki.

Muuzaji alitaka kunipa na matairi yake "kama mapya". Nikaomba picha ya namba nne za mwisho za DOT, maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Zile namba ndizo cheti cha kuzaliwa cha tairi: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya kwake yalisomeka 3113. Kashata (meno ya tairi) zilikuwepo kweli, lakini mpira wa mwaka 2013 kwa jua letu? Nikamwambia abaki nayo, anipunguzie bei. Akapunguza bila ubishi mwingi, jambo ambalo lilinifundisha kuhusu thamani aliyokuwa anayapa yeye mwenyewe.

Rimu zilikuja kwa basi, zimefungwa mbili mbili kwenye maboksi. Laki tisa na nusu kwa zote nne, pamoja na usafiri. Matairi mapya niliyaagiza Mwanza kwa sababu madukani Tabora utapata 14 na 15 za IST na Premio mpaka uchoke, lakini 225/40R18 ni ya kuagiza. Hilo likae kichwani: tairi likipasuka Alhamisi, Ijumaa hutembei na rimu zako.

Kufunga nilikwenda kwa fundi wa siku zote pale Kanyenye, mzee mtulivu ambaye hajui kusifia kitu. Akaziangalia rimu, akachukua nati zangu za zamani, akazigeuza geuza.

"Mdogo wangu, nati hizi siwezi kukufungia."

"Kwa nini, mzee?"

"Angalia mdomo wake. Hizi zina washa bapa. Rimu yako inataka nati ya koni. Zitakaza leo, kesho kutwa utaliona tairi lako limekutangulia barabarani."

Yuko sahihi kabisa. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, na rimu nyingi za kununua pembeni zinataka koni. Uzi ni ule ule, 12 kwa 1.5, kwa hiyo nati inaingia vizuri na kukudanganya. Nilikuwa nimekuja na za koni mfukoni, nikazitoa, mzee akatikisa kichwa akaendelea na kazi. Pia tundu la katikati la rimu hizi ni kubwa, 73.1, kwa hiyo zinahitaji zile pete za plastiki za kuziba nafasi mpaka 60.1. Pete ni za bei ndogo sana, na bila hizo usukani ungeweza kutetemeka kila nikifika 90 hata balansi ikiwa safi. Nati zikakazwa kwa spana ya kipimo, Nm (niutoni mita) 103, na baada ya safari fupi nikarudi zikahakikiwa tena.

Sasa kuendesha.

Mjini, chini ya miembe, kuzunguka Boma na kwenda Kitete, gari ni tamu. Usukani umeamka. Zamani ukikata kona kulikuwa na kachelewesho kadogo, tairi linajipinda kwanza ndipo gari linafuata. Sasa ukigusa tu limeshageuka. Ukuta wa tairi umetoka milimita 113 hadi 90, hauna nafasi ya kujipinda. Hiki ndicho kitu kikubwa ambacho rimu hizi zimeliongezea gari kiutendaji, na sitakidharau, maana kila ninapoingia mzunguko nakisikia mikononi.

Gharama yake unaisikia kwingine. Nilipima tairi na rimu kwenye mzani wa rafiki anayeuza mchele: za zamani kama kilo 18 kila moja, mpya karibu 22. Kilo nne kwa tairi zinasikika ndogo, lakini zinazunguka, tena sehemu kubwa ya uzito iko mbali na katikati, na zote hazibebwi na springi. Injini ya farasi 160 inalijua hilo. Kuondoka kwenye taa kumekuwa kuzito kidogo, gia ya tatu inataka mzunguko zaidi kuliko zamani. Mafuta yamepanda kidogo, si ya kulia. Anayekwambia rimu kubwa zinaongeza spidi mwombe na yeye apite kwenye mzani.

Njia ya Nzega ndiyo niliyoitumia zaidi. Lami ikiwa nzuri gari linatulia kwa namna ambayo 16 hazikuwahi kunipa, hasa upepo wa malori unapokupiga ubavuni. Kwenye rasta za kuingia vijijini, hadithi nyingine: meno yanagongana. Mama mkwe alipanda mara moja, tulipofika akaniuliza kwa upole kama gari limeharibika. Na pale magari mazito yalipochimba mifereji kwenye lami, tairi pana linafuata mfereji kama limeitwa, lazima ushike usukani kwa mikono yote miwili. Mvua ikinyesha, upana huo huo unaelea juu ya maji mapema zaidi, kwa hiyo napunguza mwendo kuliko nilivyokuwa nafanya.

Njia ya Urambo ndiko rimu zilikopata jeraha. Masika, malori ya tumbaku yamekula kando za lami, shimo limejaa maji na linafanana na dimbwi la kawaida. Tairi la mbele kushoto likagonga. Halikupasuka, gari likaendelea sawa, nikadhani limepona. Asubuhi yake upepo umepungua nusu. Nikajaza, jioni umepungua tena. Rimu kwa nje haikuwa na doa. Fundi alipoinua gari na kuzungusha tairi ndipo tukaona ukingo wa ndani umebonyea, tairi halikai vizuri pale, linavuja polepole.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Tabora, Nzega, Kaliua na kule Kigoma asikilize. Kuna fundi kijana mjini aliniambia ananyoosha kwa gesi na nyundo, dakika kumi. Nilikataa. Rimu ya aloi hupata ugumu wake kwa kupikwa na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Ukiichoma kwa moto wa gesi bila kipimo, sehemu ile inalainika, inarudi kuwa duara safi na inakungoja shimo linalofuata. Nikaipeleka Mwanza kwenye mashine ya kusukuma, ikanyooshwa taratibu, ikakaguliwa kama ina ufa. Haikuwa nao. Ingekuwa na ufa ningeitafutia pacha, kuchomelea rimu inayobeba familia yangu sikubali. Rimu ya chuma ya kawaida ingegongwa nyundo chini ya mwembe na safari ikaendelea, na hiyo ndiyo heshima ya chuma.

Tangu hapo nimebadili mambo mawili. Upepo nakaa PSI 36, napima mwenyewe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa sababu ukuta mwembamba ukikosa upepo ndipo rimu inapokutana na barabara. Na matairi niliyonunua yana alama ya 92 XL (XL ni tairi lililoimarishwa), yaani kila moja linabeba kilo 630. Kuna ya saizi hiyo hiyo ya bei nafuu yenye 88, kilo 560, wakati yale ya 16 yalikuwa 91, kilo 615. Kushuka chini ya kile kiwanda kilichokupa ili kuokoa elfu hamsini siyo biashara.

Spea kwenye buti ni moja ya zile 16. Kipenyo kinakaribiana kwa milimita tano, kwa hiyo inafaa kunifikisha. Lakini naiweka mbele tu, likipasuka la nyuma nahamisha la mbele kwenda nyuma, ili difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi ya nyuma) isizungushe matairi mawili tofauti. Na ndani ya spea nimefunga mfuko wa nati tano za washa bapa. Usiku, katikati ya msitu wa miombo, nati za koni hazitakusaidia kwenye rimu ya kiwandani.

Hesabu yote, rimu, matairi, nati, pete, alaimenti na ile safari ya Mwanza, imekaribia milioni mbili na nusu. Je, ningerudia? Ningenunua 17 badala ya 18. Tairi la 215/45R17 lina ukuta wa milimita 97, linapatikana kirahisi zaidi, ndiyo saizi ambayo Toyota wenyewe waliiweka kwenye Altezza za juu, na fenda bado inajaa. Zangu siuzi lakini. Mvua za Novemba zikianza narudisha 16, matope yakikauka navaa 18, na mzee wa Kanyenye ananitoza hela ya kufunga na kufungua huku akitikisa kichwa kile kile.

Kuna anayeniuliza kila wiki kuhusu 19. Tairi lake lingekuwa 225/35R19, ukuta milimita 79. Kama unaishi Tabora na gari halilali ndani ya uzio wa hoteli mwaka mzima, usiziguse.