Kikokotoo cha mfumuko wa bei cha BLS: kwa dola ni hodari, kwa nyumba kinahitaji msaada

Mjadala wa bei za nyumba za Marekani haumalizi dakika tano kabla mtu hajaleta jibu la kikokotoo hiki. Mimi ni mhasibu na nakitumia mara kwa mara kazini. Nakipenda kweli, na kwa sababu hiyo inaniuma kuona kinatwishwa mzigo ambao hakikutengenezewa.

Kwanza sifa zake. Kipo bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, wengi wanaijua kwa herufi BLS. Hakuna kujisajili wala matangazo ya kukurukia usoni. Unaandika kiasi cha dola, unachagua mwezi na mwaka wa kuanzia, kisha wa kuishia, unabofya, na hapo hapo linatoka jibu: dola ngapi za mwezi wa mwisho zina nguvu ya kununua sawa na zile za mwanzo. Takwimu zake zinarudi hadi 1913. Hicho kipengele cha mwezi vikokotoo vingi vya mtandaoni havina, na ni muhimu sana: mwaka kama 1980, ambapo bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 12, dola ya Januari na dola ya Desemba ni vitu viwili tofauti.

Sasa tukipe swali la nyumba. Sensa ya Marekani ya Aprili 1970 ilikuta nyumba ya katikati, yaani ile ambayo nusu ya nyumba zina thamani kubwa kuliko yake na nusu ndogo, ina thamani ya dola 17,000. Weka 17,000, Aprili 1970 hadi Aprili 2000. Kikokotoo kinasema takriban dola 75,600. Lakini sensa ya 2000 yenyewe ilikuta 119,600. Kodi ya pango nayo vivyo hivyo: kodi ya katikati kwa mwezi ilikuwa dola 108 mwaka 1970, kikokotoo kinaipeleka kwenye 480 hivi, na sensa ikakuta 602.

Nina mjomba aliyehamia Marekani akiwa kijana. Binti yake akilalamikia kodi, mzee humwambia, "Mwanangu, kila kitu kimepanda na mishahara imepanda. Na sisi tulilipa." Binti hujibu, "Baba, vimepanda, ila havikupanda pamoja." Namuunga mkono binti, na hesabu inamuunga mkono pia. Kipato cha familia ya katikati kilikuwa takriban dola 9,870 kwa mwaka 1970, na mwaka 2000 kilizidi kidogo 50,000. Hiyo ni mara tano na ushee. Nyumba ilipanda mara saba. Nyumba iliyokuwa sawa na kipato cha miezi 21 ikawa sawa na cha miezi 28, na hapo bado hatujafika kwenye upandaji mkali wa miaka ya karibuni.

Kwa nini kikokotoo hakikuliona hilo? Kwa sababu kinatumia fahirisi, yaani kipimo cha mwendo wa bei, ya kapu zima la matumizi: chakula, petroli, nguo, matibabu, nauli, vyote pamoja. Makazi ni takriban theluthi moja ya kapu hilo siku hizi, na hata ndani ya theluthi hiyo bei ya kununulia nyumba haimo. Ilikuwamo zamani, pamoja na riba ya mkopo. Kuanzia Januari 1983 fahirisi inayotumiwa na kikokotoo iliachana nayo, ikaanza kukadiria kodi ambayo mwenye nyumba angelipa kama angekuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe. Nakubaliana na mabadiliko hayo, kwani nyumba ni makazi na pia ni kitega uchumi, na fahirisi ya matumizi inapaswa kupima makazi. Lakini anayeandika 1970 hadi 2000 anavuka mpaka wa mbinu mbili bila kuhisi mtikisiko wowote.

Kuna na suala la kuchelewa. Nyumba za kupanga zilizomo kwenye sampuli huulizwa kodi yake kila baada ya miezi sita, na nyingi zina wapangaji wa siku nyingi ambao kodi yao haijaguswa. Ndiyo maana mwaka 2021, wakati mtu anayetafuta nyumba mpya alikuwa ameshakutana na bei za kutisha, fahirisi ilikuwa bado inajikongoja, na ikaendelea kupanda hata baada ya soko kuanza kutulia. Mpangaji anayehama mwaka kama huo akikiuliza kikokotoo kama kodi anayodaiwa ni ya haki, atapata jibu la wapangaji wengine.

Na riba? Haionekani kabisa, ilhali kwa mnunuzi ndiyo inayoamua kila kitu. Chukua mkopo wa dola 100,000 wa miaka 30. Oktoba 1981 wastani wa riba wa wiki, kwa takwimu za Freddie Mac, kampuni ya Marekani inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ulifika asilimia 18.63: rejesho la mwezi karibu dola 1,559. Januari 2021 ulishuka hadi 2.65: dola 403. Oktoba 2023 ulikuwa 7.79: dola 719. Mkopo ni ule ule. Kwa hiyo wazee wanaosema miaka ya themanini haikuwa lelemama kwa mnunuzi wanasema kweli, na vijana walioona rejesho likikaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka mitatu, tena kwa nyumba zilizokwisha panda bei, nao wanasema kweli.

Haki nyingine lazima niitende: nyumba zenyewe zimebadilika. Nyumba mpya ya katikati ya familia moja ilikuwa na futi za mraba 1,525 mwaka 1973, na 2,467 mwaka 2015. Sehemu ya bei ni vyumba vilivyoongezeka. BLS inao mfululizo wa kodi peke yake, unaofuatilia nyumba zile zile badala ya kulinganisha za zamani na mpya, na kati ya 1970 na 2000 unaonyesha kodi ikipanda karibu mara nne, chini kidogo ya kapu zima. Sensa inaonyesha mara tano na nusu. Anayetaka kushinda ubishi ataokota namba inayompendeza, ila anayetaka kuelewa itabidi azitazame zote mbili.

Ombi langu kwa waliokitengeneza ni moja: waongeze kitufe cha kuchagua "kodi ya nyumba" badala ya kapu zima. Takwimu wanazo tayari, tena za tangu miaka ya 1910, lakini zimefichama kwenye majedwali ambayo mtu wa kawaida hafiki.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kwa mshahara, pensheni, deni la zamani au fidia, kitumie bila wasiwasi. Kwa nyumba, andika jibu lake pembeni, chukua bei halisi ya mwaka huo, toa moja kwa nyingine, kisha ubishane juu ya hiyo tofauti.